Zimwi na Sweta la Rangi Mbili

Mlio mbali na moto, sogeeni. Ngano hii haisikilizwi peke yako.

Sekela alikuwa mfumaji wa masweta huko milimani kwenye baridi. Jioni moja zimwi liliingia kwake, likatupa mabonge mawili ya uzi, mweupe na mweusi.

"Nifumie sweta la maua. Nyuzi zikisokotana hata mara moja, nakumeza."

Sekela akashika sindano. Mweupe kulia, mweusi kushoto.

Zimwi likamngurumia sikioni. Mweupe kulia, mweusi kushoto.

Likaita kwa sauti ya marehemu mama yake: "Sekela mwanangu, geuka!" Machozi yakamtoka, hakugeuka. Mweupe kulia, mweusi kushoto.

Likapuliza taa. Akafuma kwa kupapasa, meno yakigongana. Mweupe kulia, mweusi kushoto, hadi kishono cha mwisho.

Zimwi likakagua kwa nje, halikuona fundo. "Safi. Lakini nitakumeza tu."

"Vaa kwanza, bwana mkubwa. Kuna baridi."

Likatumbukiza mikono. Lo! Mfumaji hupachika kwa nyuma uzi unaosubiri zamu yake, usining'inie. Sekela hakuupachika hata mara moja. Ndani mlijaa vitanzi virefu, na kila ukucha wa zimwi ukanasa. Kadiri lilivyovuta, ndivyo vilivyokaza.

Sekela alitoka mbio, asigeuke mpaka bondeni. Asubuhi watu wa bondeni wakalikuta sweta, tupu.

Ngano yangu imekatika uzi hapo. Ukipewa sweta jipya, papasa ndani kabla ya kuvaa. Kucha za zimwi walizookota asubuhi ile zilikuwa tisa, si kumi.