Jinni Aliyetembezwa Malaka

Alitawala Malaka, mji wa bandari katika nchi ya Andalusi, sultani aitwaye Mundhiri, naye alikuwa na mali na askari na kinywa kisichojua kufungwa. Akatangaza kwamba hajazaliwa kiumbe atakayeuona mji wake asistaajabu. Maneno yakamfikia jinni Barkashi, akatua uani kwa kishindo, akasema, "Nitembezeni. Nikistaajabu, nitamtumikia aliyenistaajabisha maisha yake yote. Nisipostaajabu, mji nautupa baharini."

Sultani akamwita Khalafu, mtembeza wageni, akamwambia, "Asipostaajabu, kabla mji haujazama kichwa chako kitatangulia."

"Nimesikia na kutii, maulana," akasema Khalafu.

Akampeleka ngomeni juu ya kilima, na jinni akasema, "Mawe haya niliyabeba mimi." Akampeleka kwenye uwanja wa michezo wa Warumi, jinni akasema, "Nilikuwapo. Michezo yenyewe mibaya." Akampeleka bustani ya michungwa na hamamu ya marumaru na mnara wa taa, na jinni anapiga miayo tu.

Khalafu akakata tamaa, na njaa ikamuuma, akaona heri afe ameshiba. Akamshusha ufukweni kwa wachoma samaki, mahali ambapo watembeza wageni wa Malaka hawampeleki mtu wa heshima, kwa kuwa moshi na magamba waliviona aibu. Pale alikuwapo mjane, Zumurudi, akichoma samaki kwenye vijiti vya matete.

"We jitu!" akafoka. "Sogea huko, unanizibia upepo, moto unakufa!"

"Mwanamke, mimi ni jinni."

"Na mimi nina wateja. Bibi huyu kakutangulia. Kaa nyuma yake, na mkia wako usiguse samaki wangu."

Barkashi akakaa nyuma ya bibi. Miaka elfu wanadamu walikuwa wakimkimbia au wakimsujudia. Kuambiwa asubiri, hajapata. Zamu yake ilipofika akala, akaramba vidole, akasema, "Wallahi, nimestaajabu."

Sultani aliposikia akaja mbio kumchukua jinni awe mtumishi wake.

"Si wewe uliyenistaajabisha, bwana mkubwa," akasema jinni, na akaenda kumpasulia Zumurudi kuni.

Khalafu akamposa mjane papo hapo.

"Unanitaka mimi au unamtaka jinni wangu?" akauliza Zumurudi.

"Naitaka shingo yangu, nawe ndiye uliyeniokolea."

Akaona jibu halina uongo, akakubali, na wakaoana na wakatajirika kwa samaki. Basi mwenye mgeni asimwonyeshe kuta akamficha watu. Ngome ingalipo kilimani, na wageni huipanda baada ya kula samaki, midomo inang'aa mafuta.