Kenge Alivyojenga Banda la Kishungi

Paukwa?
Pakawa.
Kuku akataga?
Kenge akameza mate.
Basi sogeeni, msije mkamezwa na nyinyi.

Paliondokea tetea mmoja jina lake Kishungi, na vifaranga alionao ndio wake wa kwanza, maana mayai ya mwanzo yote yaliliwa, na aliyeyala ni Kenge wa mtoni, mkia kama mjeledi, tumbo halijui kushiba. Na banda lenyewe lilikuwa banda la jina tu: vijiti vimeoza, gunia limetoboka, na tundu ukutani, lile lile alilopitia Kenge. Kishungi alikuwa halali. Akisikia jani, moyo pa-pa-pa. Akisikia mjusi, moyo pa-pa-pa.

Asubuhi moja jani halikuwa jani. Kichwa kikapenya tunduni, ulimi ukatoka, ukarudi.

Kishungi akafunika watoto kwa mbawa, na mdomo ukaanza kusema kabla akili haijajua unasema nini.

"Shikamoo, Mzee Kenge."

"Marahaba, mwanangu. Naona umenilelea."

"Nimekulelea, mzee, lakini tazama walivyo, manyoya matupu, ukiwala njaa itabaki pale pale, bora ungoje wakue, tena matetea wote wa mtaa wanataka kuhamia kwangu, wanaona haya tu, wanasema banda la Kishungi halina hadhi, lingekuwa zuri ungekula mpaka uchoke."

Kenge akameza mate. "Wote?"

"Wote, na majogoo wao. Vitu vya kujengea vipo jalalani, nyuma ya gereji, ni wewe tu kuburuta."

Kenge akaenda jalalani, kwaru-kwaru-kwaru, akarudi na matairi. Kishungi akatia majani makavu, yakawa viota.

"Tayari?"

"Bado, mzee. Ukuta."

Kenge akaenda jalalani, kwaru-kwaru-kwaru, akarudi na vitanda vya chuma, vile vya waya. Vikawa kuta.

"Tayari?"

"Bado, mzee. Dirisha."

Kenge akaenda jalalani, kwaru-kwaru-kwaru, akarudi na kava la feni. Upepo unaingia, mwewe haingii. Akarudi tena na mabati ya paa, akarudi tena na mlango wa friji bovu na komeo la kuufungia kwa ndani, ulimi wake unaning'inia.

Bata, jirani, alikuwa akioga mtaroni. Akanong'ona, "Shoga, mlaji wako ndiye fundi wako?"

"Nyamaza, shoga, natetemeka hapa."

"Na akimaliza?"

"Sijui. Nyamaza."

Sasa zile waya za vitanda zilikuwa na nafasi. Kishungi akaziangalia, moyo pa-pa-pa. "Mzee, kicheche akipita hapa? Atakula kuku wako wewe hujafika."

Hilo lilimuuma Kenge. Mlafi haogopi kufa, anaogopa mwenzake kumtangulia sahanini. "Atapita wapi?"

"Pima na kichwa chako, mzee. Kinapopita, pazibwe."

Kenge akapima. Kichwa kikipita, anafunga waya. Kichwa kikipita, anafunga waya. Akachimba chini ya kuta, mkono ukipita, anashindilia mawe. Mwisho kichwa hakipiti popote, naye akajisifu, "Hapa hata mimi siingii."

"Mh. Mafundi wote husema hivyo. Kwetu fundi hakabidhi nyumba mpaka aijaribu mbele ya mwenyewe. Mimi niko ndani na watoto, nafunga komeo, wewe sukuma kwa nguvu zako zote, nijue kama umejenga au umepachika."

Kuambiwa amepachika, Kenge akavimba shingo. Akasimama nje. Komeo likaingia, ti. Akarudi nyuma, akaja mbio, bu. Mlango kimya. Akapiga mkia, chwa. Ukuta kimya. Akauma waya, jino likang'oka, likabaki pale pale.

"Imara?" akauliza Kishungi, sauti ya uzi.

"Imara," akasema Kenge kwa fahari, akihema. "Si nilikwambia? Haya, fungua."

"Kazi nimeipokea, fundi. Nenda salama."

Husemwa kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Siku ile ilimtoka mdomoni, na ilitosha. Akalizunguka banda, akalizunguka tena. Kila tundu alilolijua alikuwa ameliziba mwenyewe, kwa kipimo cha kichwa chake mwenyewe.

Bata akacheka mpaka akanywa maji ya mtaro. "Fundi, kesho una nafasi? Na mimi sina banda."

Kenge akashika njia ya mtoni. Na Kishungi, mbawa zimetulia kwa mara ya kwanza tangu aangue watoto, akapanda juu ya tairi, akanyoosha shingo, akawika. Ndiyo, tetea, akawika, na wanaosema ni mkosi waseme. Majogoo wa mtaa mzima walinyamaza kumsikiliza.

Ngano yangu imelala hapo, kichwa ndani, mkia nje; mwenye kuuvuta mkia atuletee yake. Na funzo lake, watoto, mlishike sana: uongo haujengi. Tena fundi akimaliza kazi, mkaribisheni ndani ale.