Katibu Sekela na Kabati la Jirani

Kabati la jirani hufungwa na jirani. Mmeusikia usemi huu leo mkutanoni, mkacheka, kisha mkataka kujua ulikotoka. Ulizaliwa hapa hapa Lupando, tena ulizaliwa kwa hasira. Ilikuwa hivi.

Sekela alikuwa katibu wa kamati ya maji. Kijiji kilikuwa na mashine nne za kuvuta maji, na kila moja ilikuwa na neno lake la siri. Ikizimwa, haiwaki mpaka uiandikie neno hilo. Maneno yenyewe yalikuwa marefu, hayana maana wala hayakamatiki kichwani. Sekela aliyaandika kwenye daftari, akalifungia sandukuni.

Akaja mtaalamu kutoka mjini, kijana mmoja wa viatu vya kung'aa aitwaye Ipyana, kuifundisha kamati kutunza siri kisasa. Akaweka kwenye simu ya ofisi programu aliyoiita kabati: maneno yote yanakaa humo, na kabati lenyewe liko mtandaoni, kwa kampuni. Kisha akaagiza daftari lichomwe, maana likiibwa, kijiji kizima kimeibwa. Sekela akauliza kama hawawezi kubaki na nakala yao moja. Ipyana akamcheka mbele ya watu wazima, akasema nakala ndiyo mlango wa mwizi. Daftari likachomwa, na wajumbe wakapiga makofi. Makofi, jamani!

Mwezi wa kumi, jua likiwaka, mashine zikazimwa zisafishwe. Sekela akafungua kabati apate maneno ya kuziwasha. Likamjibu: "Akaunti yenu imesitishwa kwa uhakiki. Tafadhali subirini."

Subirini! Kiu nayo inaambiwa isubiri? Akaipigia kampuni simu, akapokewa na sauti ya mashine iliyomwita mteja mpendwa, ikampigia muziki hadi salio likaisha. Kesho yake Tusekile, mke wa mwanawe, akashikwa na uchungu, na mabomba ya zahanati yalikuwa makavu. Mkunga alinawa kwa maji ya chupa, yale ya kunywa. Sekela ndiye aliyemmiminia, chupa baada ya chupa. Mtoto alizaliwa salama, lakini shukrani ni kwa Mungu na kwa mkunga, si kwa kabati.

Jioni hiyo akampigia Ipyana.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Ipyana akasema. "Maneno yenu yako salama kabisa."

"Salama kwa nani, wewe?"

"Hakuna anayeweza kuyaona. Hata kampuni yenyewe haiyaoni."

"Na mimi je? Mimi mwenye mali?"

"Kwa sasa... hata wewe, mama."

"Basi hujayatunza. Umeyazika!"

Siku ya sita kabati likafunguka, bila samahani wala maelezo. Mashine zikawaka. Mchana Ipyana akafika kwa pikipiki, anatabasamu.

"Mmeona? Halijapotea hata neno moja."

Hapo Sekela akachemka kwelikweli. Siku tano wanawake wamepandisha ndoo kichwani kutoka mtoni, bibi mmoja ameteguka mguu mtelemkoni, na huyu anatabasamu! Akamsogezea simu ya ofisi pamoja na flashi.

"Kaa hapo. Toa nakala ya maneno yote, uifunge kwa neno nitakalochagua mimi, uiweke kwenye flashi hii. Mwizi akiiba, hataifungua. Na flashi haiendi mjini, inalala hapa Lupando. Kila tukibadilisha neno, tunatoa nakala mpya."

"Lakini mama, kabati si limeshafunguka?"

"Limefunguliwa na nani?"

Ipyana akatazama chini. "Na wenye nalo."

"Na lilifungwa na nani?"

"Na hao hao."

"Basi toa nakala, mwanangu. Kabati la jirani hufungwa na jirani."