Ndege Juu ya Shati Lisilo na Kichwa

Hapo zamani, si zamani za majini na wafalme, ila zamani za meli za mizigo na kamera za filamu, palikuwa na mpishi wa meli, mtu wa Tanga, akiitwa Mbwana Shekuwe. Alifika bandari nyingi kuliko mabalozi, na zote alizijua vizuri kupitia dirisha la jikoni. Kila safari alimtumia mkewe picha ndani ya barua: Mbwana na nanga, Mbwana na kamba, Mbwana na tumbo.

Picha moja ilimtia aibu. Ilipigwa na rafiki yake Kombo, fundi wa injini, kule nyuma ya meli, mawimbi yakiwayumbisha. Ikatoka shati jeupe, mikono kiunoni, na juu ya mabega mbingu na kidoa cheusi tu. Kichwa hakuna. Mbwana akamwandikia mkewe, "Hii ichome," kisha akamnunia Kombo miaka thelathini. Wakawa watu wa salamu ya msikitini tu.

Siku moja Riziki, mpwa wa Mbwana, mfanyakazi wa makumbusho ya ndege, akaja na fomu, na Kombo nyuma yake. Kile kidoa juu ya bega, ambacho wote walidhani ni uchafu wa filamu, kilikuwa ndege: mdogo, mweusi, kiuno cheupe, miguu mirefu ikining'inia. Ndege wa bahari kuu, ambaye hakuna aliyewahi kuandika kwamba amemwona upande ule wa bahari ilikopita meli. Picha ingetundikwa ukutani mwa makumbusho.

"Chini yake litaandikwa jina la mtu mmoja," akasema Riziki. "Mstari ni mmoja, mjomba. Kesho asubuhi naondoka nayo."

Mbwana akachukua kalamu. Maisha yake yote alipika, watu wakala, wakalaumu chumvi. Hakuna ukuta duniani uliokuwa na jina lake.

"Taratibu, Mpishi," akasema Kombo. "Nani alibonyeza? Mimi. Ningelenga vizuri tungepata kichwa chako, na vichwa kama hicho Tanga vimejaa. Nilikosea, ndege akaingia."

Bi Mwanakheri, mke wa Mbwana, akatua sinia la kahawa na kashata. "Nani aliitunza? Baba Saumu, mume wangu huyu, alisema ichomwe. Sikumtii. Niliificha katikati ya kanga zangu, na nyuma yake nikaandika, kama ninavyoandika nyuma ya kila picha, siku iliyopigwa na mahali meli ilipokuwa."

"Bila maandishi hayo angekuwa ndege tu," akakubali Riziki. "Lakini mimi niliiiba. Niliipeleka kazini niwachekeshe wenzangu. Nikaiweka chini ya lenzi nihesabu vifungo vya shati la mjomba, maana kimoja kilishakata tamaa. Ndipo nikamwona. Siku tisa nikamlinganisha na ndege waliokaushwa makabatini. Ningekuwa na adabu, hadi leo angekuwa kidoa."

Kombo akamgeukia Mbwana. "Na wewe? Kosa lako lipi?"

Mbwana akakitazama kikombe. Alikuwa nalo. Riziki, bila kujua, akalifungulia mlango: "Ndege hawa hufuata harufu ya mafuta ya samaki. Sijui nini kilimsogeza karibu vile."

Siku ile ya picha, samaki wa nahodha waliungua. Mbwana alisema jiko ni bovu, na Kombo, mwenye kutengeneza majiko, akakaripiwa mbele ya mabaharia wote.

"Nililala," akasema Mbwana polepole. "Jiko lako lilikuwa zima, Kombo. Nikamwaga sufuria nzima kule nyuma, na papo hapo nikakuomba unipige picha."

Kombo akatafuna kashata mpaka ikaisha. "Miaka thelathini," akasema. "Kumbe zamu ya kununa ilikuwa yangu."

Wote wakacheka, Bi Mwanakheri akiwa wa kwanza. Lakini fomu ilibaki mezani, na mstari wake ulibaki mmoja.

Asingelala mpishi, ndege asingekuja. Asingekosea fundi, ndege asingeingia. Asingekaidi mke, picha isingebaki. Asingeiba mpwa, ndege asingejulikana.

Kalamu ingali mkononi mwa Mbwana, na kahawa inapoa. Haya, ninyi mnaosikiliza: kati ya wakosaji hawa wanne, nani alistahili ukuta ule?