Kisanduku Kilichoacha Kuuliza

Kaeni, wapendwa, kaeni. Salamu mmeitika kwa uvivu, lakini leo sitairudia, maana hata mimi sina nguvu. Nina mfano mmoja tu. Ni wa kutunga, kwa hiyo msianze kugeuka na kutafutana kwa macho mkiulizana ni wa nani. Mkimaliza kuusikia ndipo mtafutane.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyeishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na marehemu mume wake. Alikuwa na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wote wako mbali, wote wana kazi nzuri, wote wanampenda. Nasema wanampenda. Sitaki mtu atoke hapa akatangaze kwamba mchungaji kasimulia habari za watoto wabaya. Wangekuwa wabaya ingekuwa rahisi.

Mama huyu alitaka kitu kimoja duniani, na hakukitamka kwa sababu alikionea aibu. Alitaka kuulizwa. Mume wake alipokuwa hai, mama akiwa uani anachambua mboga, mzee angeita kutoka chumbani: "Upo?" Naye angejibu, "Nipo." Basi, yameisha. Mzee hakuwa anataka maji wala chai, alitaka kujua tu. Alipokufa, lile neno likaenda naye, na nyumba ikawa kubwa.

Siku moja mwanaye wa kiume akamtumia kisanduku. Mnavijua vile vidude vidogo vya kuchomeka nyuma ya runinga, vinavuta intaneti, unaangalia tamthilia, kwaya, ibada, chochote unachotaka. Kilikuwa cha kampuni moja kubwa. Fundi akaja, akakifunga, akamwelekeza rimoti, akaenda zake. Mama akakaa na tamthilia, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya saa tatu picha ikasimama, yakatokea maandishi meupe: "Bado upo?"

Mama akaganda kwenye kochi. Akatazama mlangoni, akatazama nyuma yake. Kisha akasema kwa sauti, "Nipo, baba," akabonyeza kitufe, tamthilia ikaendelea. Akawa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, na tamthilia yenyewe ilikuwa ya kuchekesha.

Mnacheka. Haya, chekeni.

Tangu siku hiyo mama hakuwa anaangalia tamthilia. Alikuwa anasubiri swali. Tena kulikuwa na jambo la ziada: asipojibu, kisanduku kilijizima, na ujumbe ukaenda kwenye simu ya mwanaye. Siku moja alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia migomba, swali likapita bila jibu. Dakika kumi hazijaisha, simu inalia.

"Shikamoo mama. Uko salama? Naona tivii imejizima."

"Marahaba, mwanangu. Nipo. Nilikuwa kwenye migomba."

Wiki nzima alilisimulia hilo. Alimsimulia jirani, alimsimulia muuza mkaa, alimsimulia yeyote aliyekosea akasimama. "Kisanduku cha mwanangu kinanijulia hali!" Na binti yake akalisikia hilo kwenye simu, tena siyo mara moja.

Sasa, kulikuwa na kampuni ya pili. Hizi kampuni mbili zilikuwa zinagombania runinga za watu, na silaha yao ilikuwa hesabu ya saa. Watu wameangalia saa ngapi kwenye kisanduku changu, saa ngapi kwenye chako? Mwenye saa nyingi ndiye anayepata matangazo. Kampuni ya pili ikakaa kikao ikajiuliza, mtu akishaanza kuangalia, nini kinamwondoa? Wakagundua ni lile swali. Mtu akiulizwa kama bado yupo, anakumbuka ana sufuria jikoni, ananyanyuka. Mwingine amesinzia, kisanduku kinajizima, saa zinapotea. Basi wakatengeneza kisanduku kisichouliza, wakakitangaza nchi nzima: "Hakikusumbui!" Kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu wakapanga foleni.

Binti naye akapanga. Nisiseme alikuwa na wivu. Nisemeje? Alitaka na yeye asimuliwe kwa muuza mkaa.

Runinga ya mama ilikuwa na tundu moja tu la kuchomeka. Fundi yule yule akarudi, akachomoa cha kaka, akachomeka cha dada. Mama akakaa, akaangalia saa tatu, akasubiri. Ikapita ya nne. Tamthilia ikaisha, nyingine ikaanza yenyewe. Kesho yake akamwita fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiki kimeharibika."

Fundi akakigeuza mbele na nyuma. "Mbona kizima? Kina shida gani?"

"Hakiniulizi."

"Aa, hiki hakiulizi, mama. Ndiyo uzuri wake. Hata ukilala kinaendelea tu."

"Sasa kitajuaje kama nipo?"

Fundi akacheka, wala siyo kwa ubaya. "Hakina haja ya kujua, mama. Mradi kinawaka."

Mama akampigia mwanaye, akamwomba amrudishie kile cha kwanza. Mwanaye akamjibu kwa upole: "Mama, hata cha kwetu sasa hakiulizi. Waliona wenzao wanawapita, wakaliondoa lile swali. Hicho cha dada ni kile kile tu. Lakini usiwe na wasiwasi, kwenye simu zetu tunaona kama kinaangaliwa. Tukiona kinaangaliwa, tunajua upo."

"Haya, mwanangu," mama akasema.

Wapendwa, siku mkisikia mama anasema "Haya, mwanangu" kwa sauti ile, acheni mlichoshika mwende nyumbani.

Mnaijua methali, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa fahali hata hawakumkanyaga mama. Hawakumjua jina. Walikuwa wanasukumana huko kwao, na katika kusukumana likadondoka swali moja la maneno mawili, wakaona ni faida.

Turudi nyumbani kwa mama. Zamani kila asubuhi yeye na jirani yake wakifagia nyua zao waliitana juu ya ua wa minyaa: "Umeamkaje?" Kisanduku kilipoacha kujizima, mama naye akaacha kuzima runinga. Aliiongeza sauti iijaze nyumba. Jirani akisikia runinga inaongea tangu alfajiri, anajisemea moyoni, mama ameshaamka, yupo. Akaacha kuita. Na mzee wa kanisa aliyezoea kumtembelea kila Jumatano, usharika uliponunua kamera na ibada ikaingia kwenye visanduku, alimtoa mama kwenye orodha yake ya wazee wa kutembelewa. "Yule anaabudu nasi kila Jumapili," akasema. "Yumo kwenye hesabu."

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai. Akajikwaa kwenye zulia, akaanguka kati ya kochi na dirisha, nyonga ikavunjika. Rimoti iko juu ya meza, simu iko kwenye kabati la vyombo. Akajaribu kujiburuta, maumivu yakamrudisha chini. Akaita. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka sabini na kitu, na kwenye tamthilia watu walikuwa wanagombana harusini.

Jioni akasikia hatua nje, chini ya dirisha lake. Akasikia, "Hodi humu!" Akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na wakati huo huo ndani ya runinga watu wakaangua kicheko. Dirisha lilikuwa wazi, pazia tu limeshushwa, akamsikia jirani akimwambia mumewe, neno kwa neno: "Yuko kwenye tamthilia yake. Ukimkatisha hapo atanuna. Ngoja nimwachie haya makande mlangoni, akitoka atayaona." Akasikia sahani ikifunikwa juu ya bakuli. Akasikia hatua zikiondoka.

Makande yale yaliliwa na kuku.

Jumapili asubuhi binti kule mjini akafungua simu yake, ikamwambia kisanduku kinaangaliwa. Akatabasamu. "Mama yuko ibadani," akamwambia mume wake. "Nitampigia jioni." Jioni wakaja wageni.

Na kweli mama alikuwa ibadani. Kisanduku kilikuwa kimeshajifunza kwamba Jumapili saa tatu huyu mtu huangalia ibada, kikamfungulia chenyewe. Mama yuko sakafuni, midomo imekauka, akaisikia sauti ya mchungaji wake. Mchungaji akachukua karatasi, akasoma kwa furaha: "Wapendwa, walio nasi leo kupitia mtandao ni mia mbili na kumi na mmoja! Wapigieni makofi!" Usharika mzima ukapiga makofi. Mama alikuwa mmoja wa wale mia mbili na kumi na mmoja. Kisha mchungaji akasema lile tunalolisema hapa kila wiki: "Mgeukie jirani yako, mwambie, nimefurahi kukuona."

Mama akageuza shingo. Palikuwa na mguu wa kochi.

Mbona sasa hamcheki?

Jumatatu saa nne asubuhi umeme wa kununua ukaisha kwenye mita ya luku. Runinga ikazimika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nyumba ile ikanyamaza. Ni kule kunyamaza, sikilizeni vizuri, ndiko kulikomtoa jirani jikoni kwake. "Mbona kwa mama kimya?" Akaja mbio na mikono ina unga. Akapiga hodi mara tatu. Akazunguka dirishani, akafunua pazia, akainama ndani.

"Mama," akasema, "upo?"

Ndilo swali alilolingoja tangu mzee alipofariki. Lilifika Jumatatu saa nne na dakika chache, na mwili ulikuwa bado una joto.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri nizilaani kampuni. Haya, nazilaani, nina hasira nazo, tena nyingi. Lakini niambieni, ni lini kampuni ilisimama mbele ya madhabahu ikaahidi kumpenda yule mama? Iliuliza ili ihesabu, ikaacha kuuliza ili ihesabu zaidi. Haikumdanganya. Walioahidi ni watoto wake, na jirani yake, na usharika uliompokea kwa kumwekea mikono. Sisi. Kampuni iliacha kuuliza kwa sababu ya ushindani. Sisi tuliacha kwa sababu gani? Tuliona kuna kitu kinachotuulizia, tukashukuru, tukapumzika. Na kilipoacha hatukujua kwamba kimeacha, kwa sababu tulikuwa tumeshaacha kusikiliza.

Mtataka andiko. Leo siwapi. Maandiko mmeyakariri tangu mafundisho ya kipaimara, na mama amekufa huku mmeyakariri. Mtataka na tumaini, maana mahubiri huishia kwenye tumaini. Nimelitafuta wiki nzima. Mfano ni wangu, ningeweza kumponya. Mara mbili nilipoandika nilimponya: mara ya kwanza jirani aliingia ile Jumamosi, mara ya pili binti alipiga simu. Mara zote mbili nilisoma nilichoandika, nikajua nadanganya, maana nawajua ninyi na najijua mimi. Nikafuta. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku ya tatu hakufufuka. Siku ya tatu ndiyo aliyokufa.

Mnauliza mchungaji yule ni wa usharika gani. Ni wa usharika wowote wenye kamera.

Sasa tokeni kwenye mfano. Benchi la tatu kutoka mbele, upande wa madirisha, pale mwisho palipo wazi. Nani alikuwa anakaa pale? Nauliza kweli. Kuna mtu alikuwa anakaa pale kila Jumapili, ananiambia asante kwa mahubiri mlangoni, mkono wake mwepesi. Mzee wa kanisa, unakumbuka? Kwaya? Mnaangaliana. Na mimi simkumbuki jina.

Na wewe unayeniangalia kupitia kisanduku. Karatasi niliyowekewa hapa inasema leo mko mia tatu na nne. Kila Jumapili nawapungia mkono hivi, natabasamu, kana kwamba nawaona. Siwaoni. Sijawahi kuwaona. Naona kioo cheusi cha duara. Huenda umekaa na chai yako, umeniweka tu niijaze nyumba. Huenda umelala. Huenda uko sakafuni tangu jana, na jirani yako akinisikia naongea humo ndani anajua kwamba uko salama.

Nakuuliza, na sina njia ya kusikia jibu.

Upo?