Mama Vumilia wa Rugenge

"Ule wa mu redio ni minye," Pétronille alisema, mkono kiunoni, akijinyooshea kidole. "Nani mwingine hapa Rugenge anauza ndagala na kucheka mupaka mteja anasahau kuomba nyongeza?"

"Weye iko na kicheko tu," Noella akamjibu kutoka ng'ambo ya ua wa matete. "Ulimi ule ni wa kwangu. Uliza bwana yangu."

Ugomvi huo ulianzia kwenye bomba la maji, ukapanda na ndoo hadi nyumbani, na sasa mtaa mzima ulikuwa umetega masikio. Kila Jumapili redio ya mtaani ilisoma hadithi ya Mama Vumilia, mchuuzi wa samaki mwenye maneno kuliko soko zima. Aliyeiandika ni Béatrice, mwalimu wa darasa la nne, ambaye nyumba yake ilibanwa katikati ya nyumba za wanawake hao wawili.

Béatrice alikuwa ndani, amempakata mwanawe Ganza, maharagi yakitokota juu ya makaa na madaftari ya wanafunzi yakimkodolea macho mezani. Hakusikia yote. Alisikia jina lake, akasikia neno "redio", akasikia sauti zikipaa. Siku aliyoiogopa, alidhani, imefika.

Hofu yake ilikuwa na mzizi. Alizaliwa Mulenge, juu milimani, katika ukoo wa wafugaji. Ndoa ndiyo iliyomteremsha ziwani, alipoolewa na Cyprien, ambaye kitovu chake kilizikwa hapa Uvira. Alipoanza kuandika, mwalimu mwenzake Kizito alimtania mbele ya wenzao kwamba mtu wa ng'ombe aandike ng'ombe, ndagala awaachie wenyewe. Walicheka, naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Hata hivyo hakuweka kalamu chini. Aliandika wakati wa mapumziko, chaki ingali vidoleni. Aliandika maharagi yakichemka, na mara nyingi yaliungua. Cyprien aliyala hivyo hivyo, akisifu chumvi. Wapo waliosema mshika mbili moja humponyoka, na huyu kashika tatu: darasa, jiko na kalamu.

Sasa aliapa moyoni: wakisema kwamba mgeni amewaanika redioni, kalamu ataivunja, na sehemu ya mwisho ya hadithi haitasomwa kamwe. Akamfunga Ganza mgongoni, akatoka kuomba radhi.

"Bamama, munisamehe," alianza.

"Tukusamehe nini?" Pétronille alimkata kauli. "Tuambie tu. Mama Vumilia ni minye ao ni huyu?"

Béatrice akawatazama mmoja mmoja. Kumbe hakuna aliyekasirika kwa kutiwa hadithini; kila mmoja aliogopa kuachwa nje. Akavuta pumzi, akawaambia kweli yote. Kicheko ni cha Pétronille. Ulimi ni wa Noella. Lakini ile tabia ya kuamsha nyumba nzima kwa wimbo wa kanisani, hiyo ni ya mama yake mzazi, kule Mulenge. Alipolitaja jina la Mulenge sauti ilimpungua, akangoja hukumu.

Pétronille alihesabu kwa vidole: yeye, Noella, na yule mama wa Mulenge.

"Kama tuko batatu mu muntu mumoja," alisema, "basi mama yako ni dada yetu. Na weye ni mutoto wa hapa."

Noella alikuwa keshamtoa Ganza mgongoni mwa mamaye, akimtangazia kila mpita njia kwamba ulimi ni wake, Mwalimu mwenyewe amethibitisha. Habari hiyo ilimfikia Kizito kabla Kizito hajamaliza kufunga kamba za viatu vyake. Béatrice alisimama katikati ya ua, kichwa juu, kifua kimemjaa kama tanga.

Hapo ndipo harufu ikawafikia wote: maharagi yalikuwa yameungua tena. Akataka kukimbia, Pétronille akamshika mkono. Alimwambia kwamba mtoto atabaki na Noella mpaka amalize kuandika hadithi, na chungu kitakuwa kazi yake yeye Pétronille. Kisha akainua pazia la mlango wake, na mvuke wa bugali na ndagala ukatoka kuwapokea.

"Ingia ule, mutoto yetu. Ulicheza hapa kwenu, na mcheza kwao hutunzwa."