Nipeni Mji, Tafadhali

Kaeni, ndugu zangu. Simu mnazo, msizifiche chini ya vitabu vya nyimbo kwa ajili yangu. Leo hata mimi nitazungumzia simu, kwa hiyo tusianze kwa kudanganyana.

Somo la mgeni na mlango limesomwa, na nimewaona mkiliitikia kwa vichwa. Mnalijua tangu Shule ya Jumapili, nami nalijua. Nisilirudie. Nitawapa mfano.

Kulikuwa na kundi moja la wasapu, kundi la watu wanaopenda vitendawili. Watu arobaini na wawili wa mikoa mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana kwa macho. Wastaafu, walimu, mafundi, mama wa nyumbani. Lilikuwa kundi zuri, nasema kweli. Hakuna siasa, hakuna picha za ajali, hakuna anayekuuzia dawa ya kusafisha tumbo. Asubuhi wanasalimiana. Huyu leo anapalilia mchicha wake, yule anamalizia kufuma kitambaa cha meza, mwingine anapanga Jumamosi aende kwa wajukuu akale makande. Ikifika saa kumi jioni, mwenye zamu anaandika, "Kitendawili!" Na simu arobaini na moja zinajibu, "Tega!"

Mnajua mchezo unavyokwenda. Mkishindwa, mtegaji anasema, "Nipeni mji." Mnampa mji wowote, Dodoma, Lindi, mnaoupenda. Naye anaanza: nilikwenda Lindi, watu wa Lindi wakanipokea, wakanikalisha kitini, wakanilisha wali kwa pweza, na jibu ni kitu fulani. Hivyo ndivyo tulivyocheza sote utotoni. Na tangu utotoni sijasikia mtegaji aliyekwenda mji wa watu akafungiwa mlango. Kwenye mchezo, miji yote ni mikarimu.

Sasa, kundini alikuwamo bwana mmoja wa Singida waliyemwita Profesa. Hakuwa profesa. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, lakini hapakuwa na kitendawili kilichomshinda. Mtegaji hajanyanyua kidole kwenye simu, yeye keshajibu, na koma zake zote ziko mahali pake. Starehe yake ya pili ilikuwa kuipiga picha nyumba yake. Leo sebule, kesho maua ya kibarazani, keshokutwa kitanda cha wageni kimetandikwa shuka jeupe. Chini yake anaandika: "Vyumba vitano, na sisi wawili tu. Ukifika Singida usiulize hoteli."

"Profesa, tunakuja!" watu wanajibu.

"Karibuni hata kesho. Jogoo wapo."

Alikuwamo pia mama mmoja, mshonaji wa sare za shule. Huyu kwa miaka miwili hakupatia kitendawili hata kimoja. Kila siku neno lake lilikuwa lilelile: "Nimeshindwa." Wakambatiza Mama Nimeshindwa.

"Leo Mama Nimeshindwa atatuambia nini?"

"Mwacheni, anawaza."

"Anawaza tangu mwaka juzi!"

Naye anacheka pamoja nao. Mama huyu naye aliishi hukohuko Singida, ila hakuwahi kualika mtu. Chumba chake kilikuwa kimoja, na nusu yake ilikaliwa na cherehani.

Wa tatu alikuwa mjane, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mji mwingine, mbali. Mpole. Alipenda kueleza habari za bustani yake ya nyuma ya nyumba, bilinganya, giligilani, mnanaa wa kutia kwenye chai. Siku moja akaacha kuzungumzia bustani. Mnajua nani aliuliza? Hakuna. Na tusiwalaumu haraka. Habari ya bilinganya ikikosekana kwenye simu yako, wewe ungeshtuka?

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Ndugu wa marehemu mumewe walikaa kikao, wakampa mpaka Ijumaa awe ametoka. Nyumba ni ya ukoo, walisema; yeye aliingia kwa ndoa, na ndoa imeshazikwa. Hakuwa na mtoto. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Watu aliokuwa akizungumza nao kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, walikuwa ni wale arobaini na mmoja.

Niambieni, mtu kama huyo anaombaje? Anaandika, "Jamani, nimefukuzwa"? Wewe ungeandika, katikati ya watu wanaojadili mnanaa na vitambaa vya meza? Alishika simu siku mbili, anaandika, anafuta. Jumatano, saa kumi, zamu ikawa yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina mlango wa kutokea, haina mlango wa kuingilia."

Lo! Kundi likachangamka. Kilikuwa kitendawili kipya, hakuna aliyewahi kukisikia.

"Yai!"

"Bunduki!"

"Dawa ya meno, lile kopo lake la kuminya!"

"Dawa ya meno! Mzee, na wewe meno yenyewe umebakiza mangapi?"

Profesa akaingia, taratibu, kama mtu anayefunga kikao. "Ni tumbo la mama. Nadhani tumemaliza."

"Sivyo," akaandika mjane.

Profesa akajaribu mara nne. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Mwisho akasalimu amri: "Dada, leo umetuweza. Toa jibu."

Mjane akaandika: "Nipeni mji, tafadhali."

Nataka mlisikie hilo neno la mwisho. Ninyi mmecheza vitendawili tangu mna meno ya utoto. Ni lini mlimsikia mtegaji akisema tafadhali? Mtegaji ndiye aliyewashinda. Anaudai mji wake kwa kifua mbele, haombi. Watu arobaini na mmoja walilisoma neno lile. Mmoja hata alilitania: "Tangu lini kitendawili kikawa na tafadhali? Karibu, Bi Adabu!" Wakacheka. Yule mshonaji naye aliliona, likamkaa vibaya moyoni. Akaanza kuandika, "Dada, kuna tatizo?" Akafuta. Alijiambia, huenda nalo ni sehemu ya kitendawili, na mimi ndiye nisiyeelewa, kama kawaida yangu.

Profesa akaandika: "Tunakupa Singida! Njoo, jogoo wapo."

"Kweli?" akauliza mjane.

"Profesa hasemi mara mbili."

Ijumaa alfajiri mjane alipanda basi. Saa nane mchana ikaingia picha kundini, begi moja jeusi lililofungwa kwa kamba, limeegemezwa kwenye nguzo ya stendi. Chini yake maneno machache: "Nimefika Singida. Nawasubiri."

Profesa alikuwa kibarazani na mkewe. Mke akasogeza miwani, akaitazama ile picha.

"Nani huyu?"

"Wa kundini. Ni mchezo wetu ule."

"Mchezo una begi?"

"Mama watoto, wewe hujui mambo ya vitendawili," akasema Profesa, na akageuza kiti kidogo. Kisha akaandika: "Hahahaa! Dada, hii kali! Watu wa Singida tumekupokea kwa shangwe. Haya, sasa toa jibu."

Kundi zima likamfuata. Vile vijisura vinavyocheka mpaka machozi vikashuka kama mvua. "Mchinjieni jogoo!" "Profesa, tandika shuka jeupe!" "Dada, usisahau kututumia picha ya paja la jogoo!"

Nawauliza, Profesa hakuelewa? Mtu aliyefumbua kila kitendawili kwa miaka miwili, ashindwe na begi? Alielewa. Alielewa kabla ya wote, na ndiyo maana aliwahi kucheka. Ukiwahi kucheka, jambo linabaki kuwa mchezo, na mchezo hauhitaji chumba.

Mjane alivisoma vicheko vyote, kimoja kimoja. Simu imebakiza chaji asilimia sita. Akasimama. Akalitazama basi lililokuwa likipakia abiria wa kurudi kule alikotoka, akapiga hatua mbili kulifuata, ndipo akakumbuka. Huko nako mlango ulikuwa wa kutokea tu. Akarudi kuketi juu ya begi lake.

Katikati ya vicheko vile ukaingia ujumbe wa yule mshonaji.

"Nimeshindwa."

"Huyoooo!" wakapokea. "Tulikuwa tunamngoja!"

Lakini leo hakuishia hapo. Akaandika tena: "Dada, umevaa nini?"

Vijisura vikakatika.

"Kitenge cha njano," akajibu mjane. "Na kanga begani."

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Alifika kwa miguu, anahema, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Hakudai kusimuliwa kisa. Alisema tu, "Pole na safari, mwenzangu," akanyanyua begi upande mmoja na mjane akashika upande wa pili. Na kule chumbani, cherehani ikasogezwa.

Jumamosi, saa kumi jioni, Profesa akatokea kama vile hakuna lililotokea. "Dada, bado tunangoja jibu."

Mjane akalitoa, tena kwa kufuata kanuni zote za mchezo: "Nilikwenda Singida. Watu wa Singida na wa kwingineko wakacheka. Mshonaji wa Singida akaja na utepe shingoni. Jibu ni nyumba yangu."

Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, Mama Nimeshindwa akaandika, "Kitendawili!"

Mtu mmoja tu akathubutu kusema, "Tega."

"Vyumba vitano, wenyewe wawili, mgeni hana pa kulala."

Watu arobaini walilijua jibu. Hakuna aliyeliandika. Kesho yake asubuhi Profesa alituma picha ya ua waridi, "Za asubuhi, wapendwa," na watu wakaitikia njema. Ila ile picha ya kitanda chenye shuka jeupe haikuonekana tena.

Naona mnacheka. Mnamcheka Profesa, na mimi nilimcheka sana siku ya Alhamisi nilipokuwa nayaandaa maneno haya. Halafu nikafungua simu yangu.

Kundi letu la usharika huu. Jumanne iliyopita tulikuwa tunapanga ile safari yetu ya mapumziko, nani ataleta chupa za chai, nani ataleta sambusa. Katikati ya mipango hiyo mmoja wetu aliandika: "Wapendwa, niombeeni, tafadhali." Zikaja Amina thelathini na nne. Nimezihesabu. Ya kwangu ni ya tisa, na nikaongezea ile mikono miwili iliyokutana, ili nionekane nimeomba kweli. Sikuwa nimeomba. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Na mara tu baada ya Amina ya thelathini na nne, mtu akauliza, "Sambusa za nyama au za dengu?" Tukaijadili dengu mpaka magharibi.

Hatukumfukuza mtu. Tulimwitikia. Ndugu zangu, hata yule mjane aliitikiwa vizuri sana.

Sisemi tuvunje makundi. Bila ile "Za asubuhi" ya kila siku na habari za mnanaa, mjane yule asingekuwa na mahali pa kuuomba huo mji aliouhitaji. Mazungumzo madogo ni baraka. Ndiyo yanayotuzoesha sauti ya mtu, ili siku sauti hiyo ikibadilika tuisikie. Lakini sisi tumeyajua maneno haya, Karibu, Amina, Tuko pamoja, kama tunavyoijua Tega. Yanatoka yenyewe, kidole kinayaandika, mwenye kidole hayumo. Tunawagawia watu miji ambayo hatuna nia ya kwenda stendi zake kuwapokea.

Wala siwadai vyumba vitano. Yule mama alikuwa na kimoja, na nusu yake ni cherehani. Sidai hata muwe werevu wa kufumbua kila kinachofichwa na watu, maana yeye kitendawili kile hakukiweza mpaka mwisho. Alikiri ameshindwa, kisha akauliza swali analouliza mtu aliyekwisha kuvaa viatu.

Aliyeandika "niombeeni, tafadhali" yumo humu ndani asubuhi hii. Ameingia, ameimba beti zote nne, ameitikia kila mahali pa kuitikia. Jina lake silitaji, ni lake mwenyewe. Wala sitawaambia amevaa nini.

Tukitoka hapa kuna chai pale nje. Mtaulizana habari, na kila mmoja atasema nzuri. Leo msiondoke na hiyo nzuri. Shika kikombe chako, msogelee mtu, umuulize mara ya pili, halafu unyamaze umsikie.